Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Msimamizi wa Mafungo



 Katika kitabu hiki mtasoma historia ya kwaya, majina ya viongozi waliotutangulia na ratiba ya siku ya leo. Kurasa hizi chache tumezitenga kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga nchi yetu, aliyefariki mwaka 1556, na ambaye alipoanzisha shirika lake la kitawa aliamua kwamba watawa wake wasifungwe na wajibu wa kuimba masifu pamoja kama kwaya. Huenda mkashangaa kwa nini kwaya imweke mtu wa namna hiyo katika kitabu cha jubilei. Sababu yetu ni moja: bila mafungo aliyotuachia, kwaya hii isingefikisha miaka 25.

Wazee wa kwaya wanaukumbuka mwaka wetu wa 12. Tulikuwa tumerekodi nyimbo zetu kwa mara ya kwanza. Fedha kidogo iliingia, na maneno mengi yakaingia pamoja nayo. Tena na besi walikaa upande mmoja, soprano na alto upande mwingine, na salamu zikakauka. Jumapili moja tuliimba Misa huku nusu ya viti vikiwa vitupu. Barua ya watu 17 waliotaka kujitoa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mlezi wetu hakuitisha mkutano. Alikodi matatu mbili akatupeleka mafungo, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Sista aliyetuongoza hakugusa habari ya fedha hata kidogo. Alitusimulia maisha ya Inyasi, kipande kwa kipande, na baada ya kila kipande alituacha kimya saa nzima. Sasa tunawasimulia nanyi.

KIJANA WA UPANGA NA MAVAZI

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Uhispania. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto 13. Alibatizwa kwa jina la Iñigo. Jina la Inyasi alianza kulitumia baadaye akiwa mwanafunzi. Alilelewa katika nyumba ya mtunza hazina wa mfalme, na huko alijifunza kuandika kwa mwandiko mzuri, kucheza dansi, kushika upanga na kupenda sifa. Alikuwa Mkristo kama wengi wetu tulivyo Wakristo: alisali Misa, alisherehekea sikukuu, lakini moyo wake ulikuwa kwa mavazi, kwa wanawake na kwa jina lake kuvuma.

Mwaka 1521 alikuwa miongoni mwa askari waliolinda ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa. Maadui walikuwa wengi na wenzake walitaka kusalimu amri, lakini yeye aliwashawishi waendelee kupigana. Tarehe 20 Mei risasi ya mzinga ilimpiga, ikavunja mguu wake wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Alipoanguka yeye, ngome nayo ilianguka. Wafaransa wenyewe walimtibu kwa heshima, kisha akabebwa kwa machela hadi nyumbani Loyola.

Mfupa uliunga vibaya, ukabidi uvunjwe tena na kupangwa upya. Dawa ya ganzi haikuwepo. Hata baada ya hapo kipande cha mfupa kilibaki kimetokeza chini ya goti. Inyasi aliona kwamba hataweza kuvaa buti za kubana zilizokuwa mtindo wa siku zile, akaagiza kipande hicho kikatwe kwa msumeno. Alistahimili maumivu hayo yote kwa ajili ya buti. Sista alipofika hapa alinyamaza, na kila mmoja wetu alibaki akijiuliza ni maumivu gani amekubali kuyabeba, au kuwabebesha wengine, kwa ajili ya kuonekana.

KITANDA CHA LOYOLA

Akiwa amelala miezi mingi, aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa farasi na mapenzi. Katika nyumba ile havikupatikana. Shemeji yake alimpa vilivyokuwepo: maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Alivisoma kwa kukosa vingine.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililomfanya kuwa mwalimu wa mafungo. Alikuwa na mawazo ya aina mbili. Saa nyingine aliwaza jinsi atakavyompendeza bibi mmoja wa ukoo mkubwa. Saa nyingine aliwaza jinsi atakavyoishi kama Fransisko wa Asizi au Dominiko. Mawazo yote mawili yalimpendeza yakiwa yanaendelea. Tofauti ilikuja baadaye. Yale ya kwanza yakipita yalimwacha mkavu na mwenye uchungu. Yale ya pili yakipita yalimwacha na furaha na utulivu. Siku moja aligundua tofauti hiyo, akashangaa. Alianza kuamini kwamba Mungu husema na mtu kwa njia ya ladha inayobaki moyoni baada ya wazo kupita. Kila alichofundisha maishani mwake kina mzizi katika kitanda kile.

PANGO LA MANRESA

Mwaka 1522 alipanda mlima wa Montserrat, penye patakatifu pa Mama Maria. Aliandika dhambi zake zote na kuungama kwa siku tatu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi alikesha mbele ya altare, akaacha hapo upanga wake na jambia lake. Nguo zake za thamani alimpa maskini, naye akavaa gunia. Baadaye alisikia kwamba yule maskini amekamatwa akidhaniwa kuwa ameziiba, akatokwa na machozi. Hata wema wetu, tukiufanya bila kufikiri, unaweza kumtia mwenzetu taabuni.

Kutoka hapo alifika mji mdogo wa Manresa akikusudia kukaa siku chache tu. Alikaa karibu miezi 11. Aliombaomba chakula, alihudumia wagonjwa hospitalini na kusali saa saba kila siku. Mwanzoni alikuwa na furaha tele. Kisha giza lilimshukia. Dhambi alizokwisha kuziungama zilimrudia akilini, akaungama tena na tena bila kupata nafuu, hata akajiwa na kishawishi cha kujiua. Alipona alipotambua kwamba roho iliyomsukuma kurudia yale yale haikuwa ya Mungu, ingawa ilivaa vazi la utakatifu. Tangu siku hiyo aliacha kuungama dhambi za zamani, akawa huru.

Kuna jambo moja la Manresa ambalo sisi wanakwaya hatuwezi kuliruka. Siku moja alikuwa ameketi kwenye ngazi za monasteri ya Wadominiko akisali. Akili yake iliinuliwa akaona Utatu Mtakatifu kwa mfano wa funguo tatu za kinanda. Alilia sana, na siku nzima hakuweza kuzungumza jambo lingine ila Utatu. Tunaopiga kinanda tunajua: kila ufunguo una sauti yake, na ukibonyeza yote mitatu pamoja sikio hupokea sauti moja iliyojaa, bila hata mmoja kupotea. Walimu wengi wametufundisha Utatu kwa maneno mengi, lakini mfano huu wa Inyasi tuliuelewa papo hapo.

MLEI MBELE YA MAHAKIMU

Alihiji Yerusalemu mwaka 1523 akitaka kubaki huko maisha yake yote, lakini wakubwa wa Wafransiskani waliotunza mahali patakatifu walimwamuru aondoke kwa usalama wake. Alitii. Akiwa na miaka 33 aliketi Barcelona darasani na watoto wadogo, akijifunza Kilatini kuanzia mwanzo. Tunawataja hapa wenzetu waliojiunga na kwaya wakiwa watu wazima, wakaona haya kujifunza solfa mbele ya vijana. Msione haya.

Kisha alikwenda kusoma Alcalá na Salamanca. Kumbukeni kwamba wakati huu wote hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mlei aliyevaa nguo duni, akikaa na watu wa kawaida, wanawake na wanafunzi, akiwafundisha kusali na kuchunguza dhamiri. Wakubwa waliingiwa na wasiwasi. Huko Alcalá alifungwa gerezani siku 42. Huko Salamanca alifungwa tena siku 22. Humo gerezani mwa Salamanca wafungwa walivunja na kutoroka usiku, lakini wenzake wawili waliokuwa pamoja nao hawakutoka. Asubuhi walikutwa peke yao, milango ikiwa wazi. Mahakimu walikagua karatasi zake za Mazoezi ya Kiroho wasione kosa, lakini walimkataza kufafanua tofauti ya dhambi kubwa na dhambi ndogo mpaka asome zaidi.

Angeweza kulalamika na kuanzisha kundi lake pembeni. Aliona badala yake kwamba anayetaka kuwasaidia wengine lazima ajitayarishe, akaenda Paris kwa miguu, akafika mwaka 1528, akasoma miaka saba. Hili ni somo kwa viongozi walei wa leo, makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo na sisi wa kwaya. Karama ni kipaji cha Mungu, na kuifanyia kazi ni jukumu letu.

MARAFIKI WA PARIS, NA MMOJA ALIYEFIKA MALINDI

Huko Paris alilala chumba kimoja na vijana wawili: Petro Faber, mtoto wa wakulima aliyekuwa mtulivu na mwoga, na Fransisko Ksaveri, Mbaski mwenzake, mwanariadha mwenye kutafuta cheo. Faber alivutwa mapema. Ksaveri alimcheka Inyasi kwa muda mrefu. Inyasi hakumsukuma, alimsaidia alipokuwa na shida ya fedha, alimtafutia wanafunzi wa kufundisha, akasubiri. Tarehe 15 Agosti 1534, vijana saba walikutana katika kanisa dogo la Montmartre. Faber, aliyekuwa padre peke yake kati yao, aliadhimisha Misa, nao wakaweka nadhiri za kuishi fukara na kwenda Yerusalemu, na kama njia ikifungwa, kujitoa kwa Baba Mtakatifu awatume atakako.

Njia ilifungwa kwa sababu ya vita. Inyasi alipewa upadre Venice tarehe 24 Juni 1537, akiwa na miaka 46. Walikwenda Roma, na tarehe 27 Septemba 1540 Papa Paulo III aliidhinisha Shirika la Yesu, ambalo watu wake tunawaita Wajesuiti.

Mwaka huo huo Ksaveri alitumwa India. Safari ile ndiyo inayotugusa sisi wa Kenya. Meli yake ilipita pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1542 ilitia nanga Malindi. Ksaveri alishuka, akamzika mwenzao mmoja aliyefariki, akazungumza na mzee Mwislamu wa mji kuhusu sala na jinsi watu wanavyopoa katika ibada. Rafiki wa chumba kimoja cha Inyasi alikanyaga mchanga wetu karne nyingi kabla ya parokia zetu kuzaliwa.

Inyasi na Ksaveri hawakuonana tena. Ksaveri alikata sahihi za wenzake kutoka katika barua walizomwandikia, akazivaa kifuani. Mwaka 1553 Inyasi alimwandikia arudi Ulaya. Hakujua kwamba Ksaveri alikuwa amefariki tangu Desemba 1552, katika kisiwa kilicho karibu na China.

ROMA, NA SHIRIKA LISILO NA KWAYA

Mtu aliyependa kutembea alikaa Roma miaka yake yote iliyobaki, katika vyumba vichache, akiongoza kwa barua. Barua zake zilizohifadhiwa zinakaribia 7,000. Alianzisha nyumba ya kuwapokea wanawake waliotaka kuacha maisha ya ukahaba, na mwaka 1548 chuo cha kwanza cha wanafunzi walei kilifunguliwa Messina.

Na ile habari ya kwaya? Inyasi alipenda nyimbo za kanisa kuliko wengi wetu. Zilimliza, na zilimpunguzia hata maumivu ya tumbo yaliyomtesa. Lakini aliona kwamba watu wake lazima wawe tayari kuondoka saa yoyote kwenda kwa mgonjwa, mfungwa au nchi ya mbali, na wajibu wa kuimba masifu pamoja mara nyingi kwa siku ungewafunga. Aliacha kitu alichokipenda kwa ajili ya kazi aliyopewa. Tuliposikia hivyo, sisi tuliokuwa tukigombania nani asimame mbele na nani aimbe pekee, tuliona haya.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Julai 1556. Shirika lake lilikuwa na watu wapatao 1,000. Tarehe 12 Machi 1622 alitangazwa mtakatifu, siku moja na Ksaveri. Mwaka 1922 Papa Pio XI alimweka rasmi kuwa msimamizi wa mafungo ya kiroho.

MAZOEZI YA KIROHO NI NINI?

Kitabu chake kidogo, kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, si cha kusomwa kama hadithi. Ni mwongozo wa kutenda, kama vile karatasi ya nota ilivyo kimya mpaka watu waiimbe. Mazoezi kamili huchukua siku zipatazo 30 katika hatua nne: dhambi yetu na huruma ya Mungu, maisha ya Yesu, mateso yake, na ufufuko wake. Inyasi alijua kwamba si kila mtu anaweza kuacha kazi mwezi mzima. Kwa mwenye shughuli aliweka njia ya kusali saa moja na nusu kila siku huku akiendelea na kazi yake, na kwa wengine alipendekeza sehemu fupi kulingana na uwezo wao. Kutoka katika ruhusa hiyo yamekua mafungo ya siku nane, ya siku tatu na haya yetu ya wikendi, yanayotolewa hata hapa kwetu katika nyumba ya mafungo ya Wajesuiti huko Karen, Nairobi, na katika nyumba nyingine nyingi.

Anayeongoza mafungo anaonywa asimsukume mtu upande wowote. Awe kama mizani iliyotulia katikati, amwache Muumba aseme na kiumbe wake. Mwanzoni kabisa mwa kitabu kuna agizo kwamba Mkristo awe mwepesi kuyapokea maneno ya mwenzake kwa maana iliyo njema kuliko kuyahukumu. Na kuna kanuni inayosema kwamba wakati wa giza na ukavu wa moyo tusibadilishe uamuzi tuliouweka tukiwa katika nuru.

JUMAMOSI USIKU ULE

Kanuni hizi mbili Sista alitupa Jumamosi jioni, akaenda kulala. Hakuongeza neno. Tulikaa kikanisani mpaka saa tano usiku. Kwanza mtu mmoja wa besi alisimama akaenda alikoketi mama mmoja wa alto, akapiga magoti. Kisha mweka hazina wa wakati ule alitoa daftari, akaomba lisomwe lote mbele ya wote. Lilisomwa. Kulikuwa na makosa ya hesabu, na kulikuwa na maneno tuliyomsingizia. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili tuliyaombea msamaha.

Hatutawadanganya kwamba kila kitu kilipona. Kati ya wale 17, watatu waliondoka. Mmoja alirudi baada ya miaka minne, naye leo ataimba nasi. Waliobaki waliichana barua yao Jumapili kabla ya Misa. Tangu mwaka ule hesabu za kwaya husomwa mbele ya wanakwaya wote kila baada ya miezi mitatu, na uchaguzi wa viongozi haufanyiki kabla ya mafungo.

Lazima tuseme na jambo lingine, maana kitabu cha jubilei kisiwe cha sifa tupu. Miaka mitatu iliyopita hatukwenda mafungo. Kulikuwa na harambee, sare mpya, mazoezi ya nyimbo za leo. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Na tayari tunaanza kusikia maneno yale yale ya pembeni ya mwaka wa 12, safari hii kati ya wazee na vijana. Vijana wetu, wengi wenu hamkuwepo usiku ule. Mnakaribia kupokea uongozi wa kwaya hii. Tunachowaomba wazee wenu si kuyahifadhi makabati ya nota wala vikombe vya mashindano. Tunawaomba mtupeleke mafungo kabla ya uchaguzi, nasi tutakuja, tutakaa kimya pamoja nanyi, na daftari litasomwa.

Inyasi alianza kwa kujali buti zake, akamaliza akitafuta katika yote utukufu mkubwa zaidi wa Mungu. Kati ya hayo mawili palikuwa na kitanda, pango, gereza, darasa la watoto na marafiki. Mungu hakuwa na haraka naye. Asiwe na haraka na sisi pia.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.